Madirisha Yaliyofungwa Mchana

Kwa miaka ishirini na miwili Odile Caparros hakuwa amepoteza mgeni hata mmoja, na habari hiyo alimtangazia kila mwenye masikio. Wenye hoteli waliijua, madereva wa teksi waliijua, na wauza samaki wa Bandari ya Zamani walikwisha kuchoka kuisikia. Wenzake katika kazi hiyo ya kutembeza watu mjini Marseille walikuwa wamepoteza wageni kila mahali. Mmoja alimsahau mzee wa Kibelgiji kanisani kule kilimani, mwingine alikwenda visiwani na watu saba akarudi na watano, na kesho yake akaomba kazi ya kuuza viatu. Odile, hapana. Aliwahesabu watu wake kila kona kama mama mwenye watoto sokoni, na aliyechelewa alisemwa mbele ya wenzake mpaka akakoma.

Jumanne hiyo ya Julai alikuwa na wanne tu. Walikuwepo Bwana na Bibi Delattre, wastaafu kutoka Lille, mume mwalimu wa jiografia na mke muuguzi, pamoja na dada wawili kutoka Bremen waliocheka kwa kila kitu na hawakumsumbua mtu. Asubuhi aliwapitisha kwa wauza samaki, akawapandisha kanisani, akawalisha biskuti zinazonukia maua ya mchungwa. Saa sita wakapanda boti la kwenda Estaque, upande wa pili wa ghuba, ambako Odile alizaliwa na ambako, kwa maoni yake, Marseille yenyewe inaanzia. Boti lilikuwa karibu lisiende. Mistrali, upepo wa kaskazini, ulikuwa umevuma siku tatu mfululizo, umefagia mawingu yote, na bahari ilikuwa ya buluu ya kuumiza macho.

Pale gatini Zaven aliwaona mbali. Zaven alikuwa akikaanga panisi kwenye kibanda kilekile tangu masharubu yake yalipokuwa meusi, na alimjua Odile tangu wakiibiana penseli shuleni.

"Odile! Leo umeniletea watu weupe hivi? Jua litawala kabla wao hawajala panisi zangu!"

"Wape chakula, acha mdomo."

"Kwako nitaacha mdomo? Wewe ndiye uliyenifundisha."

Aliwapa kila mmoja karatasi iliyojaa panisi, vibanzi vya unga wa dengu, vya moto, vyenye chumvi, vinavyounguza vidole. Wakala wamesimama, migongo kwenye upepo. Bwana Delattre alikuwa akitazama mlima, nyumba zilizopandana kama ngazi mpaka zinapokutana na msitu wa misonobari.

"Mama Odile, mbona nyumba zote zile zimehamwa? Hakuna dirisha hata moja lililo wazi."

Zaven alicheka mpaka akashika meza. Odile akamjibu kwa subira aliyoiweka akiba kwa ajili ya watu wa kaskazini. "Mwalimu wangu, hapa jua likifika utosini watu hufunga mbao za madirisha, hupanda kitandani, na hawaamki mpaka saa kumi. Ukiona dirisha wazi saa nane mchana, ujue nyumba ile haina mtu."

"Au ina Mparisi," akadakia Zaven.

"Na ole wako umgongee mtu kabla ya saa kumi. Mama yangu yuko kule juu kabisa, nyumba ya mwisho. Huchomoa na simu ukutani. Hata mimi mwanawe wa pekee sithubutu."

Alisema hivyo kwa fahari. Bibi Rosette, mama yake, alikuwa na miaka themanini na mitatu, mjane wa fundi wa kiwanda cha vigae, nyonga moja mbovu na kichwa kizima. Alikataa kushuka mlimani. Mara tatu Odile alimtafutia nyumba ya chini, karibu na duka la dawa, na mara tatu mama aliuliza kama mwanawe ana haraka ya kurithi.

Saa nane kasorobo walifika ufukwe wa Corbière. Dada wa Bremen wakajitosa majini papo hapo, wakapiga kelele kwa baridi, wakabaki humohumo kwa kiburi. Bwana Delattre alivua viatu, akavitazama vidole vyake kama mtu aliyeonana na jamaa wa zamani. Odile akakaa kwenye jiwe lake, akahesabu. Mmoja, wawili, watatu, wanne.

Saa nane na dakika ishirini moshi ukaonekana.

Kwanza ulikuwa uzi mwembamba nyuma ya kilele, mweupe, na watu wengi walidhani ni vumbi. Kisha ukageuka kahawia. Kisha upepo ukaulaza, ukauvuta juu ya paa za mtaa wa juu kama mtu anayefunika kitanda. Watu ufukweni wakasimama. Wengine wakatoa simu kupiga picha, maana kuna watu wanaoweza kupiga picha jeneza lao wenyewe. Filimbi za walinzi wa ufukwe zikalia: wote watoke majini, ndege zinakuja kuchota maji. Zikaja mbili, za manjano, zikashuka mpaka matumbo yakagusa bahari, zikainuka na mzigo wao na kwenda kuumwaga nyuma ya mlima. Dada wa Bremen hawakucheka tena.

Odile aliwakusanya wanne wake kwenye ukuta wa ufukwe, akapiga simu ya mama. Haikuita. Akapiga tena. Kimya.

Amelala, akajiambia. Amechomoa simu. Kila siku huchomoa. Isitoshe, kila msimu huambiwa watu kwamba moto ukifika karibu wajifungie ndani, wasikimbie barabarani, kuta za mawe zitawalinda. Mama anaijua amri hiyo kuliko wanaoitoa. Na zimamoto wako kule. Na majirani wako. Alijipa sababu nyingine na nyingine, na kila sababu ilikuwa nzuri, na hakuna hata moja iliyomtuliza.

Boti za kurudi zikasimamishwa. Treni nazo zikasimamishwa. Barabara ya pwani ilijaa magari, pembe zinalia, hakuna gari lililosogea hatua. Moshi ulikuwa umeanza kushuka mpaka ufukweni, na ndani yake vipande vidogo vyeusi, majani ya misonobari yaliyoungua yakiwa bado na umbo lao. Kimoja kilitua kwenye bega la Bibi Delattre. Alikipangusa, akaitazama simu mkononi mwa Odile.

"Mama yako hajapokea simu?"

"Amelala."

"Na moshi huu?"

"Mama analala hata kwenye ngurumo."

"Basi nenda ukamwamshe, dada."

"Nina wageni," Odile akasema, na sauti yake ikatoka kali kuliko alivyotaka. "Sijawahi kuwaacha wageni. Mkipatwa na jambo, nani atajibu?"

Maneno hayo yalikuwa ya kweli, na yalikuwa pia mahali pa kujificha. Odile alikuwa anaogopa. Aliogopa ngazi, aliogopa moshi, aliogopa zaidi kuufikia mlango ule, agonge, na asisikie kitu. Pale ukutani, mradi anahesabu wanne, mama alikuwa bado amelala salama kitandani kwake. Akahesabu tena. Akahesabu tena. Bibi Delattre hakubishana naye, ila kila mara alitazama saa ya mkononi, kama alivyozoea wodini.

Saa tisa, polisi kijana akaja akipita kati ya watu, kofia mkononi, uso umejaa masizi na jasho.

"Tulieni, jamani, tulieni. Mtaa wa juu umekaguliwa. Hakuna mtu kule."

"Umekaguliwaje?" Odile akauliza.

"Kikosi cha akiba cha zimamoto kimepita nyumba hadi nyumba. Ni tupu zote, mama. Madirisha yamefungwa kila mahali, wenyewe walikwisha kuondoka."

Odile aligeukia mlima, akaelewa. Bwana Delattre alikuwa ameelewa wakati uleule. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Lakini si ulisema..." akaanza.

"Kikosi hicho ni cha wapi?" Odile akamshika polisi mkono. "Afande! Watu hao wametoka wapi?"

"Mbali, kaskazini. Wamekuja kutusaidia leo asubuhi. Niachie mkono, mama."

"Wamegonga milango?"

"Watagonga nyumba tupu ili iweje?"

"Wewe mtoto wa nani? Bibi yako anaishi wapi?"

"Bibi yangu?" Kijana alishangaa. "Toulon."

"Sasa hivi, saa tisa, Julai, bibi yako yuko wapi?"

Odile aliona jibu likimfikia kijana, likimpanda kutoka kifuani mpaka machoni. Alikuwa amesema nyumba ni tupu kwa sababu redio ilisema hivyo, naye alikuwa na mambo mia kichwani. Akageuka, akashika redio, akaanza kupiga kelele ndani yake. Redio ikakoroma. Sauti ikamjibu kwamba magari yote yako upande wa mashariki, wasubiri, wataangalia nafasi ikipatikana.

"Nafasi," akasema Odile.

"Nenda!" Bibi Delattre alimsukuma kwa viganja viwili. "Sisi tuna akili zetu. Tutakaa kwa yule mtu wa panisi. Nenda, mwanamke!"

Na Odile Caparros akawaacha wageni wake wanne ufukweni, bila kuwahesabu.

Hakupita barabarani. Alipita gatini, akakata nyuma ya kanisa, akashika ngazi za pembeni walizokuwa wakizipanda yeye na wenzake utotoni wakitoka kuogelea. Zamani alizipanda kwa pumzi moja. Sasa alikuwa na miaka hamsini na sita, na katikati magoti yalimwambia wazi kwamba hayakuulizwa. Aliloweka kitambaa chake cha shingo kwenye bomba la ukutani, akajifunga puani. Mkononi bado alikuwa na fimbo yake ya kuongozea wageni, mwanzi wenye leso ya njano nchani. Alipofika uchochoro wa kwanza wa mtaa wa juu, alianza kuipiga fimbo hiyo kwenye kila dirisha.

"Moto! Amkeni! Moto!"

Hakuna dirisha lililofunguka. Upepo ulivuma, kitu kilipasuka juu kwenye misonobari. Akapiga dirisha la pili, la tatu. La tatu likafunguka kwa kishindo, akatokea mzee Garbarino, nywele wima, na chupi tu mwilini.

"Umeingiwa na wazimu? Saa kumi haijafika!"

"Moto, baba! Toka!"

"Moto gani?" Akavuta pumzi, akakohoa, akatazama juu. "Mama yangu wee!"

Zimamoto wawili wa kikosi kile cha kaskazini walikuwa wakishuka na mpira wa maji begani. Kiongozi wao, mtu mrefu mwenye macho mekundu, alinyoosha mkono kumzuia.

"Mama, rudi chini! Nyumba hizi ni..."

Hakumaliza. Mzee Garbarino alikuwa ametoka mlangoni na chupi yake, amemkumbatia mkewe aliyevaa gauni la kulalia, na mke amemkumbatia paka. Kiongozi yule aliwatazama. Akatazama dirisha la jirani, lililofungwa. Akatazama linalofuata. Uchochoro mzima ulikuwa umefungwa, na Odile hatausahau uso wa yule mtu mpaka anakufa.

"Wamo?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Wamo wote. Wamelala."

Mtu yule aliutupa mpira chini, akaanza kupiga milango kwa mguu. Mwenzake akashika upande wa pili. Wazee wakatoka mmoja mmoja, wamevimba macho, wakitukana kwanza na kuelewa baadaye. Mmoja alitaka kurudi kuvaa soksi. Mwingine aliuliza nani atalipia kitasa. Walitokea kumi na mmoja kwenye uchochoro ule mmoja, na kila aliyetoka, yule kiongozi alifuta uso kwa mkono na kwenda mlango unaofuata.

Odile hakungoja. Nyumba ya mama yake ilikuwa peke yake, hatua sitini juu zaidi.

"Huko hapana!" kiongozi akapiga kelele nyuma yake. "Moto umevuka ukuta! Mama!"

Ulikuwa umevuka kweli. Banda la kuku lilikuwa linawaka, na mtini wa baba yake, na moshi ulikuwa mzito mpaka alizitafuta hatua za mwisho kwa mikono. Alikuwa analia na hakujua kama ni moshi. Akaufikia mlango. Mkono aliouinua ulikuwa mzito kama si wake, maana hapa ndipo alipokuwa akipaogopa tangu saa nane na dakika ishirini.

Akagonga mara moja, na mlango ukafunguka.

Bibi Rosette alikuwa amesimama pale pale nyuma ya mlango. Alikuwa amevaa viatu vya kutokea, mkoba mkononi, taulo lililolowa kichwani. Sakafu nzima ilikuwa maji. Chini ya kila dirisha paliwekwa ndoo, na kando ya mlango palikuwa na kiti cha jikoni kilichoelekezwa mlangoni.

"Haya, twende," akasema, kana kwamba wanachelewa basi.

Walishuka hatua kumi tu kabla yule kiongozi hajawafikia, akamnyanyua kikongwe mikononi kama mtoto, naye Bibi Rosette akamwonya asimwangushie mkoba. Nyuma yao dirisha la jikoni lilipasuka. Odile hakugeuka.

Chini gatini palijaa watu, mablanketi, maji ya chupa, paka. Zaven alikuwa amezima mafuta ya kukaangia na kukitoa kibanda chake chote, viti na miavuli, kwa wazee wa mtaa wa juu. Wale wanne walikuwa pale pale waliposema watakaa. Dada wa Bremen walikuwa wakimfunga mzee Garbarino kitenge cha ufukweni kiunoni, naye akikataa na kukubali. Bwana Delattre alikuja kumshika Odile mkono, akarudi kukaa.

Odile alimkalisha mama yake, akachuchumaa mbele yake, akamvua taulo. Hasira zilimpanda ghafla, hasira za mtu aliyekwisha kuogopa.

"Ulikuwa macho! Umevaa viatu! Mbona hukushuka, mama? Kwa nini hukushuka?"

"Usinipigie kelele mbele za watu."

"Simu je?"

"Niliichomeka nilipouona moshi. Umeme ulikwisha kukatika, simu nayo imekufa."

"Na zimamoto walipopita?"

"Niliwasikia. Wakasema hii nayo tupu. Nikapiga sufuria, lakini upepo ule, nani atasikia? Nilipoufikia mlango walikuwa wameshashuka." Bibi Rosette aliweka mkoba magotini, akaufunga kishikizo. "Ningeweza kushuka peke yangu. Polepole, na nyonga hii, lakini ningeshuka. Nilisimama mlangoni nikafikiri. Leo Jumanne. Odile yuko Corbière na wageni, ameuona moshi, yuko njiani. Nami najua atapita ngazi za pembeni, kama alivyopita siku zote. Nikishika barabara, maana ngazi zile nyonga hii haiziwezi, tutapishana. Atafika, atakuta mlango wazi, ataingia. Utaniita jikoni, utaniita chumbani, utaniita darini, na moto uko juu yako. Nakujua. Usingetoka mpaka umenipata." Akainua mabega. "Basi nikachukua kiti, nikakaa, nikakungoja."

Ndege ilipita tena juu ya ghuba, kila mtu akainua kichwa isipokuwa Odile.

"Uliondoka mara tu ulipouona moshi, sivyo?" mama akauliza, akimpangusa masizi shavuni kwa kidole gumba.

"Mara tu, mama."

"Nilijua."

Bibi Delattre alikuwa amesimama nyuma yao na chupa mbili za maji. Alikuwa amekaa kule ufukweni na Odile, ameitazama saa yake, na dakika arobaini zilizopita kabla Odile hajaondoka alizihesabu zote. Alimpa kikongwe chupa ya kwanza. Ya pili alimfungulia Odile kizibo, akamwekea mkononi, kisha akaenda kukaa na mumewe.